Koti Lisilokombolewa

Hapo zamani, na msidhani ni ile zamani ya sungura kwenda kumposea fisi mke. Zamani yangu mimi ni ya juzijuzi tu, ya redio moja mtaa mzima, na betri zake zinaanikwa juani zipate nguvu. Hapo zamani hiyo, katika mji mdogo wa Kwedikole, Uziguani, palikuwa na fundi baiskeli aliyeitwa Mzee Sekiondo. Alikuwa hodari wa kuziba pancha za watu, ila mfuko wake mwenyewe ulimshinda kuziba. Kila Jumamosi, jua liwake, mvua inyeshe, Mzee Sekiondo alinunua tiketi ya bahati nasibu. Mnacheka? Chekeni polepole, maana naona wengine mmeshapapasa mifuko.

Mkewe aliitwa Mwantumu, muuza vitumbua, na hadithi hii ni yake zaidi kuliko ya mtu mwingine. Mwantumu alitaka kitu kimoja tu duniani: mabati. Nyumba yao iliezekwa nyasi, nazo nyasi zilikwisha kuchoka. Mvua ikikatika nje, ndani bado inaendelea. Siku za masika alilala na sufuria kando ya mto, anageuka huku anakinga, anageuka kule anakinga.

"Bwana we, hela ya mafuta ya vitumbua iko wapi?"

"Nimeipeleka ikazae, mke wangu. Jumamosi hii ndiyo yenyewe. Jumatatu tunaezeka."

"Ikishikwa na uchungu uniite, mkunga ni mimi."

Jumamosi inafika, tiketi inanunuliwa, namba zinasomwa redioni, hamna kitu. Jumamosi nyingine inafika, kopo la hela za vitumbua linainamishwa, tiketi inanunuliwa, namba zinasomwa, hamna kitu. "Safari hii zimenipita kwa kidogo tu," husema Mzee Sekiondo. Siku zote kidogo tu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba ya Mzee Sekiondo ilijaza kibaba cha watu asiowajua hata kwa sura. Majirani walipiga mahesabu yao, maana mahesabu ya nyumba ya jirani ni matamu, wakasema lau fedha ile ingenunua bati mojamoja, angeezeka nyumba nzima, na misumari juu yake. Mwantumu naye alizikusanya tiketi zilizokufa akazibandika kwa uji kwenye nyufa za ukuta, angalau zizuie upepo. Wageni wakiuliza, anawaambia, "Hayo ndiyo mabati yangu. Karibuni."

Basi mwaka mmoja, masika yakiwa karibu, Mzee Sekiondo akashikwa na kifua, akalala. Jumamosi ikamkuta kitandani.

"Mwantumu, kopo liko wapi?"

"Nimelikalia."

Na kweli alikuwa amelikalia.

"Leo Jumamosi, mke wangu."

"Na kesho Jumapili. Kunywa uji."

Mgonjwa akatuma salamu kwa Kibwana kinyozi, ambaye kibanda chake kilipakana na kijiwe cha baiskeli. Kibwana alikuwa rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli hamwachi mwenzake apotelewe na Jumamosi. Akaenda kwa wakala wa bahati nasibu, akalipa kwa hela yake mwenyewe, akaandika jina la Sekiondo mgongoni mwa tiketi kama ilivyotakiwa. Akamletea. "Utanipa ukipona," akasema, akaitumbukiza katika mfuko wa koti lililotundikwa ukutani. Mwantumu aliona kila kitu, akasonya. Alfajiri Mzee Sekiondo akafariki, Mungu amrehemu, na koti likabaki pale pale kwenye msumari.

Sasa tegeni masikio, maana mchezo wenyewe unaanzia msibani, nao unachezwa kwa midomo mitatu.

Mdomo wa kwanza ulikuwa wa Kibwana. Kabla jeneza halijainuliwa, msemaji wa wafiwa alisimama uani kama ilivyo ada. "Waungwana, mwenye kumdai marehemu aseme sasa tumlipe. Na mwenye moyo wa kusamehe asamehe, mwenzetu aende mwepesi." Kibwana akanyoosha mkono, machozi yanamchuruzika.

"Nilikuwa namdai bei ya tiketi moja. Nimemsamehe mbele ya Mungu na mbele yenu. Sidai kitu."

Watu wakaguna kwa kumsifu. Mwantumu, dirishani, aliyasikia yote, akafikiri, kinyozi huyu ana roho nzuri, ingawa wembe wake butu.

Mdomo wa pili ulikuwa wa Mwantumu mwenyewe. Mnajua Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mzigua akifiwa, mtani wake Mnyamwezi ndiye mwenye msiba. Atachimba kaburi, atateka maji, atawatukana wafiwa mpaka wacheke. Tena atachukua kitu cha marehemu, na anayekitaka sharti akikomboe, kwa kuku au kwa shilingi, chochote. Kisipokombolewa ni chake. Ndiyo desturi, mimi msiniulize sheria.

Mtani wa pale Kwedikole alikuwa Mihayo, mchoma mishkaki. Alichimba kaburi tangu alfajiri, penye mawe matupu, mikono ikapasuka malengelenge. Watu waliporudi makaburini, Mihayo akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu. Akatembea kwa kuburuta mguu kama alivyotembea Mzee Sekiondo, akapigapiga mfuko, akaita kwa sauti ile ile ya puani: "Jumamosi hii ndiyo yenyewe! Jumatatu tunaezeka!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwantumu macho yalikuwa yamemvimba, lakini kicheko kilimtoka bila kumwomba ruhusa. Akacheka akalia, akalia akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akaweza kuvuta pumzi.

"Haya mtani, komboa koti! Kuku mmoja tu."

"Kuku kwa koti hilo? Kuku wangu kakukosea nini?"

"Basi shilingi."

"Sikomboi, mpagazi mkubwa wewe! Chukua na uvundo wake! Chukua na vyote vilivyomo mfukoni! Limenilia mabati yangu, likale na ya kwako!"

Matanga yalicheka mpaka ubwabwa ukaungulia jikoni. Mihayo akapiga saluti, akaondoka na koti. Na Mwantumu alijua, nawaambia alijua vizuri kabisa, kilichomo mfukoni.

Mdomo wa tatu ulikuwa wa Mihayo. Matanga yameanuliwa, Mwantumu yumo ndani anakaa eda, Mihayo akaenda kunyolewa kwa Kibwana akiwa na koti lake jipya kuukuu. Ndevu za shavu moja zilikwisha ondoka alipotamani tumbaku. Akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi, akaanza kusokotea.

"We! Hiyo si tiketi ya marehemu?" Kibwana akashtuka. "Usiichome, ina jina lake."

"Kama unaipenda karatasi, chukua. Mimi nipe kipande cha gazeti."

Kibwana akaichukua. Akavuta gazeti alilofutia wembe, akataka kuchana kona yake, na kwenye kona hiyo ndipo palipopigwa chapa namba zilizoshinda. Kinyozi akatazama gazeti, akatazama tiketi. Akatazama tena. Wembe ukamponyoka.

"Imeshinda!"

Mihayo akaruka, taulo shingoni, akashika upande mmoja wa tiketi. Kibwana akashika upande wa pili. Hakuna aliyethubutu kuvuta, isije ikachanika. Wakaenda hivyo hivyo hadi kwa wakala, wamekabiliana, wanatembea ubavuubavu, Mihayo shavu moja lina ndevu na moja halina. Mji ulipoona ukaacha kazi.

Msifikiri walishinda gari. Gari lilikwenda mjini kwa watu wenye magari. Hii ilikuwa zawadi ya chini, fedha ya kutosha mabati ya nyumba moja na misumari yake, basi. Wakala akaigeuza tiketi, akasoma jina, akakuna kichwa.

"Mwenye jina kafa, nami maiti silipi. Nileteeni mtu mmoja mliyekubaliana nyote, na mjane aweke dole gumba. Tena msikawie. Ijumaa nafunga mfuko wangu narudi makao makuu, na isiyolipwa imekwenda."

Ilikuwa Alhamisi.

Mwantumu hakuweza kutoka nje kwa ajili ya eda, kwa hiyo baraza lililetwa mlangoni kwake. Pazia likashushwa. Yeye alikaa ndani juu ya kigoda, na chini ya pazia aliona miguu tu: viatu vya Kibwana vilivyopakwa rangi, miguu ya Mihayo yenye udongo mwekundu, na ndala za Bi Mboni, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye tiketi ilikabidhiwa kwake. Nyuma yao ilikuwa miguu ya Kwedikole nzima. Nje wingu lilikwisha jikunja upande wa milimani, na kila kidole cha miguu yake kilijua maana ya wingu lile.

Mzee mmoja wa safu ya mbele alianza kwa kukohoa. "Kabla hamjaendelea, fedha ya kamari ni haramu." Watu wakanyamaza kwa heshima. Mzee akaongeza, "Lakini ni kiasi gani hasa?"

"Keti, babu," akasema Bi Mboni. "Mihayo, sema."

"Nasema koti ni langu," akaanza Mihayo. "Nililipata kwa jembe. Nilichimba mawe, nyinyi mkinywa kahawa. Nikaomba kuku, nikanyimwa. Nikaomba shilingi, nikanyimwa. Nikaambiwa chukua na vyote vilivyomo. Vyote! Nani hakusikia?"

"Ulikuwa utani!" sauti ya Mwantumu ikapasua pazia. "Maneno ya utani hayashtakiwi!"

"Hayashtakiwi, mtani. Uliniita mpagazi, nimenyamaza. Lakini kitu cha utani hakirudi. Mwaka jana Wazigua mlichukua mbuzi katika msiba wa shangazi yangu, nikachelewa kukomboa, mkamla. Mbuzi yule alirudi?"

Kwedikole nzima ikatazama chini. Mbuzi yule alikuwa na mafuta, na waliomla walikuwa wengi.

"Lakini tiketi ulinipa mimi," Kibwana akadakia. "Ulisema chukua, nipe gazeti. Gazeti nilikupa."

"Nilikupa karatasi! Ningejua ni mabati ningekupa?"

"Kibwana, sema la kwako," akasema Bi Mboni.

"La kwangu ni fupi. Bila hela yangu, hakuna tiketi. Bila miguu yangu, hakuna tiketi. Bila macho yangu, tiketi ni moshi wa Mihayo. Mtoto amezaliwa na mimi, amelelewa na mimi, ameokolewa motoni na mimi."

"Si ulisamehe?" Mihayo akamrukia. "Ulilia hadi kamasi!"

"Nilisamehe deni, sikusamehe ushindi. Ningejua deni lina mimba, ningelisamehe?"

Watu wakacheka. Mwantumu hakucheka. Alisimama, akasogea mpaka pua yake ikagusa pazia.

"Na mimi nisikilizeni. Kibwana kanunua tiketi moja, sawa, Mungu ambariki. Zile nyingine zote nani kanunua? Kila kitumbua mlichotafuna, nusu yake ilikwenda kwa wakala. Nimekaa gizani kwa kukosa mafuta ya taa, kwa sababu ya Jumamosi. Nimelowa kitandani mwangu, kwa sababu ya Jumamosi. Shamba nimelima mimi mwaka kwa mwaka, leo mavuno mnampa aliyepita njia siku ya kuvuna?"

Akina mama nyuma wakapiga vigelegele. Kibwana akangoja vigelegele viishe, kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma:

"Shemeji, nakuheshimu. Lakini safari hii wewe ulilikalia kopo. Tiketi zote zilizonunuliwa kwa hela yako zimekufa, hizo ukutani. Hii moja isiyokuwa na hata senti yako, ndiyo iliyoshinda."

Mwantumu akarudi kigodani. Neno lile lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli, na lilimuuma zaidi kwa sababu marehemu angelicheka sana kulisikia.

Bi Mboni akavua miwani, akaifuta kwa kanga. Alikuwa amepiga hesabu kichwani. "Kwa ninavyoona mimi, fedha ya tiketi hii ni sawasawa na fedha yote aliyonunulia tiketi maisha yake. Hajapata faida, hajapata hasara."

Hapo ndipo palipochafuka. Nusu ya watu walisema Sekiondo alikuwa mjinga, kwa sababu fedha hiyo hiyo angeiweka chini ya godoro, angeezeka zamani akaishi pakavu. Nusu walisema alikuwa mjanja, kwa sababu fedha ya chini ya godoro angelikwisha inywea pombe. Tena alipata na utamu wa kungoja Jumamosi, na godoro halina Jumamosi. Walibishana mpaka mate yakaruka. Ila niwachongee kidogo: kibanda cha wakala siku ile kilipata wateja wengi kuliko siku zote, na waliosukumana mbele walikuwa wale wale waliosema mjinga.

"Gaweni mara tatu," akaamua Bi Mboni.

"Mara tatu!" Mwantumu akapaza sauti. "Theluthi ya paa nitaifanyia nini, Mama Mwenyekiti? Niezeke kichwa, miguu ilowe?"

"Na mimi theluthi ya kiti cha kuzunguka nitamkalisha nani?" akasema Kibwana, ambaye tangu ujana aliota kiti cha kinyozi cha kuzunguka.

Mihayo akakiri kwamba yeye angeweza kuanza na theluthi ya ng'ombe, mradi iwe ya nyuma. Bi Mboni akamwambia asilete mzaha. Mihayo akajibu kwamba ndiyo kazi yake pale.

Umeme ukamulika upande wa milimani. Upepo ukapita, nyasi za paa zikanong'ona, na vumbi likamdondokea Mwantumu begani. Kibwana akasema, "Basi tupige kura. Majina matatu kofiani. Jina litakalotoka, huyo achukue yote, na wenzake waridhie mbele ya wakala."

Mihayo akakubali. Wakakubali watu wote, hata wasiohusika. Hata kofia haijapatikana, Kwedikole ilikwisha anza kuwekeana dau la soda, Mwantumu kwa Mihayo, Mihayo kwa Kibwana, na yule mzee wa haramu akauliza kama soda mbili zinaruhusiwa.

Bi Mboni akazikunja karatasi tatu, akazitia katika kofia, akaipitisha chini ya pazia. "Wewe ndiwe mfiwa, mwanangu. Toa karatasi moja tu."

Mwantumu akaitazama kofia miguuni pake. Miaka yote alimtukana mume wake kwa mchezo huu huu. Kofia ikimkubali, atalala pakavu, na atakuwa amekula kwa mkono ule ule aliokuwa akiuchapa. Kofia ikimkataa, mabati yake yatageuka kiti cha kinyozi, na kwa mara ya kwanza atakuwa ameyacheza yeye mwenyewe. Akikataa kucheza, Ijumaa itapita na hakuna atakayepata kitu, naye atabaki na haki yake na sufuria yake. Alimkasirikia Sekiondo. Alimkumbuka Sekiondo. Aliona uchungu kwamba hayupo wa kugombana naye juu ya jambo hili, maana lilikuwa jambo lake kabisa.

Tone la kwanza likaanguka ndani ya nyumba kabla halijaanguka nje.

Mkono wa Mwantumu ukaingia kofiani. Ukashika karatasi moja, ukaiachia. Ukashika nyingine. Nami namwacha hapo hapo, mkono ukiwa ndani, msije mkasema nimempendelea mtu kwa sababu ya vitumbua.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka, sasa kazi ni yenu. Mmoja alisamehe kwa mdomo wake mwenyewe, mmoja alitupa kwa mdomo wake mwenyewe, mmoja aligawa kwa mdomo wake mwenyewe, na leo wote watatu wanadai. Wekeni kofia kando, semeni kwa akili zenu: kati ya aliyelipa, aliyechimba, na aliyelowa, je, tiketi ile nani aliistahili?